Kitabu kimekwisha dukani, lakini kina mwenyewe

Kwenye stesheni za kutoa kopi zilizo jirani na vyuo, Iringa mjini au Mwanjelwa jijini Mbeya, kuna biashara isiyo na kibao. Mtu anafika na kitabu cha miaka ya sabini, kurasa zimegeuka rangi, gundi ya mgongoni imeachia. Anataka kopi. Kijana wa mashine anamuuliza, "Nikutolee kopi au nikuskanie nikutumie WhatsApp?" Kabla ya jioni kitabu kimeshakuwa PDF na kinazunguka kwenye grupu la walimu, la wanafunzi wa Kiswahili, la wanaukoo walioko Dar es Salaam. Hakuna aliyeuliza ni cha nani.

Mimi naona hapo ndipo uhifadhi wa vitabu vya zamani kwa njia ya dijitali unapofanyika kweli katika Nyanda za Juu Kusini, bila kamati na bila posho ya vikao. Wapo wanaoupongeza, kwamba watu wanaokoa urithi wa taifa. Wapo wanaouita wizi. Kwa kiasi fulani wote wana hoja, ila ukiwasikiliza vizuri utagundua hawazungumzii kitu kimoja. Huyu anaitazama karatasi, yule anaitazama haki, na wa tatu anaitazama faili. Vitu hivyo vitatu vina wenyewe tofauti, vinazeeka kwa namna tofauti, na sheria inavigusa kwa mikono tofauti.

Karatasi ni ya aliyeinunua. Kama parokia ina kabati la vitabu vya tangu enzi za wamisionari, vitabu hivyo ni mali yake. Inaweza kuviuza, kuvigawa, hata kuvichoma. Haki ya kukichapa upya au kukisambaza kitabu ni ya mwandishi, ya warithi wake, au ya mchapishaji aliyekabidhiwa kwa mkataba. Faili ni ngeni kwenye ukoo huu. Aliyeitengeneza hapati hakimiliki ya maneno yaliyomo, lakini anaishika mkononi, na anayeshika ndiye anayeamua nani afunguliwe. Kelele nyingi za dunia kuhusu urithi wa kitamaduni zimetoka kwenye hicho kitu cha tatu.

Vilipotea vipi

Kwanza tujue vitabu vyenyewe vilikwenda wapi. Sehemu kubwa ya maandishi ya Kiswahili ya kati ya vita vya pili na miaka ya themanini ilitoka kwa wachapishaji ambao leo hawapo, au wapo kwa jina tu. East African Literature Bureau ilianzishwa mwaka 1948 kwa ajili ya nchi zote za Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 nayo ikasambaratika, na upande wa Kenya ukageuzwa kuwa Kenya Literature Bureau mwaka 1980. Tanzania Publishing House, iliyoanzishwa mwaka 1966, ilipitia kipindi kigumu cha miaka ya themanini pamoja na nchi nzima: fedha za kigeni hakuna, wino hakuna, karatasi ya shida. Na hapa kuna kinaya ambacho watu wa Mufindi wanakijua vizuri. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo kilianza kazi katikati ya miaka hiyohiyo ya themanini, katikati ya msitu wa misonobari, kikaja kusimama miaka ya tisini kabla ya kubinafsishwa. Miti ilikuwepo na mashine zilikuwepo, ila kitabu kilichokwisha dukani hakikurudi.

Tabaka jingine ni la zamani zaidi. Wamoraviani na Misheni ya Berlin walifika nchi ya Wanyakyusa mwaka 1891. Wamoraviani wakajenga Rungwe, na Waberlin baadaye wakasambaa kuelekea Ubena na Ukinga. Wamisionari wa Consolata kutoka Italia walishika Tosamaganga baada ya vita vya kwanza. Kazi zao za uchapaji zilitoa nyimbo, katekisimu, vitabu vya kusomea na tafsiri za Biblia kwa Kiswahili na kwa lugha za huku. Vingi vilichapwa nakala chache na havikuwahi kuingia duka lolote. Mvua ya Tukuyu, ambayo kwa mwaka hupita milimita 2,000, haijawahi kuwa rafiki wa kabati la mbao. Ukivuka hapo unakutana na mchwa. Hata kikinusurika na vyote viwili, karatasi ya bei nafuu iliyotengenezwa kwa massa ya mbao ina asidi ndani yake. Inajila yenyewe taratibu mpaka ukurasa unakatika ukiukunja.

Kwa hiyo anayesema tusubiri kwanza sheria ikae sawa ndipo tuskani, anasahau kwamba karatasi haisubiri.

Miaka 50, lakini ya nani?

Tanzania Bara ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, namba 7 ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Kanuni yake kuu ni kwamba kazi ya maandishi inalindwa maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kitabu kisichokuwa na jina la mwandishi huhesabiwa miaka 50 tangu kilipotolewa. Zanzibar ina sheria yake.

Kanuni hiyo haisemi lolote kuhusu kitabu kuwepo dukani au kutokuwepo. Hapo ndipo wengi hujikwaa. Riwaya iliyotolewa mwaka 1978 na kuchapwa mara moja tu, ambayo mwandishi wake ni mwalimu mstaafu anayelima parachichi Rungwe, inalindwa leo na italindwa nusu karne baada ya maziko yake, hata kama nakala yake haijauzwa tangu enzi za Mwalimu Nyerere. Kijitabu cha nyimbo cha misheni cha mwaka 1935, kisicho na jina la mtunzi, kilishamaliza muda wake zamani. Msomaji anayevitazama vyote viwili kwenye kabati moja anaona vitabu viwili vichakavu tu.

Katikati ya hao wawili ndiko kwenye kundi kubwa na la taabu, lile ambalo wanasheria huliita kazi yatima. Mwandishi anajulikana kwa jina, lakini hakuna ajuaye alifariki lini au kama amefariki. Mchapishaji alifungwa. Mkataba, kama uliwahi kuwepo, uliliwa na panya. Warithi wametawanyika kati ya Makete, Kilombero na Dar es Salaam, na baadhi yao hawajui kwamba babu aliandika kitabu. Sheria inaziachia maktaba nafasi ya kutoa nakala kwa mahitaji ya kazi zake. Kuokoa nakala moja inayosambaratika ni jambo moja. Kukiweka kitabu kizima mtandaoni ili kila mtu apakue ni jambo jingine, na la pili linahitaji idhini ya mwenye haki.

Halafu kuna safu ya chini kabisa, ambayo watu wa PDF hawaifikirii. Tuseme kitabu cha misheni kimejaa hadithi za Wahehe, vitendawili na nyimbo za mavuno zilizokusanywa vijijini. Padri aliyezikusanya alifariki zamani, haki yake imekwisha. Lakini hadithi hazikuwa zake. Sheria hiyohiyo ya 1999 ina sehemu nzima kuhusu sanaa za jadi, na inataka kibali cha Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, kwa mtu anayetaka kuzitumia kwa faida nje ya mazingira yake ya asili. Kampuni inayochukua hadithi kumi za Kihehe na kuziuza kama vitabu vya sauti haiwezi kujitetea kwa kusema tu kwamba kitabu kilichapwa kabla ya uhuru. Najua kibali hicho kuombwa kwake ni nadra kama theluji ya Kitulo, ila kipo.

Wenzetu walivyogombana

Ugomvi mkubwa ulianza Desemba 2004, Google ilipotangaza kwamba imekubaliana na maktaba tano, za Harvard, Stanford, Michigan, Oxford na Maktaba ya Umma ya New York, kuskani vitabu vyao. Haikuanza kwa kuwatafuta waandishi mmoja mmoja. Chama cha waandishi wa Marekani, Authors Guild, kikaishtaki mwaka 2005. Pande mbili zikaafikiana suluhu ambayo ingeipa Google nafasi ya kuuza vitabu vilivyokwisha dukani, mwandishi asiyetaka ajitoe mwenyewe. Jaji Denny Chin akaikataa Machi 2011: suluhu kama hiyo ingeipa kampuni moja mamlaka juu ya vitabu vya watu ambao hawakuwahi kuulizwa. Lakini jaji huyohuyo, mwaka 2013, akaamua kwamba kuskani ili kuwezesha utafutaji, huku msomaji akionyeshwa vipande vifupi tu, kunaruhusiwa na sheria ya Marekani. Mahakama ya rufani ilikubaliana naye mwaka 2015. Wakati wa hukumu ya 2013 Google ilikuwa imeshaskani zaidi ya vitabu milioni 20.

Vimo na vya Kiswahili, kwa sababu vyuo vya Marekani vilinunua vitabu vya Dar es Salaam na Nairobi kwa bidii kuliko maktaba zetu nyingi. Mwanafunzi wa Mbeya anaweza kuandika jina la kitabu kilichotolewa nchini kwake, akakiona, akaonyeshwa mistari mitatu, na mlango ukafungwa.

Mlango huo mara nyingine hufungwa na hesabu tu. Chukua mfano wa kubuni: kitabu kilichotolewa Dar es Salaam mwaka 1965, mwandishi akafariki mwaka 1972. Kwa kanuni ya Tanzania, ulinzi wake uliisha mwishoni mwa 2022. Marekani, kwa vitabu vya kipindi hicho, huhesabu miaka 95 tangu kuchapwa, na tangu 1996 imerudishia ulinzi kazi za kigeni ambazo wakati huo zilikuwa bado zinalindwa kwao. Kwa hiyo kitabu hicho kiko huru Iringa, na kimefungwa Michigan mpaka mwisho wa 2060. Faili iko Michigan.

Ufaransa iliamka mapema kwa hoja ya urithi. Jean-Noël Jeanneney, aliyekuwa mkuu wa Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, alionya hadharani mwaka 2005 kwamba kuiachia kampuni moja ya Marekani ipange nini kionekane kwanza ni kuiachia ipange kumbukumbu za watu wengine. Maktaba yake ilikuwa na Gallica, maktaba yake ya mtandaoni, tangu 1997. Ulaya nayo ikafungua Europeana, mkusanyo wa mtandaoni wa maktaba na makumbusho zake, Novemba 2008, ikazidiwa na wageni siku hiyohiyo ya kwanza.

Ajabu ni kwamba Wafaransa hao hao walipotunga dawa yao, wakaumwa na ugonjwa uleule. Sheria yao ya Machi 2012 ilihusu vitabu vilivyotolewa Ufaransa kabla ya 2001 na visivyouzwa tena. Orodha inatangazwa, mwandishi ana miezi sita ya kupinga. Akinyamaza, haki ya kutoa kitabu chake kwa dijitali inasimamiwa na chama cha kukusanya mirabaha, yaani malipo ya wenye haki. Waandishi wawili walikwenda mahakamani, na Novemba 2016 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema kunyamaza si kukubali kama mtu hakupewa taarifa yeye binafsi. Sijui kwa nini watunga sheria walidhani mwandishi wa riwaya husoma orodha za serikali. Mwaka 2019 Umoja wa Ulaya ulitoa mwongozo mpya, uliofungua njia kwa maktaba na makumbusho kutumia vitabu vilivyokwisha sokoni kwa leseni ya pamoja, mwenye haki akibaki na uwezo wa kujitoa wakati wowote.

Wanorwei hawakupiga kelele. Maktaba yao ya taifa iliingia mkataba na Kopinor, chama cha wenye haki, ikawa inalipa kiasi fulani kwa kila ukurasa kwa mwaka, na vitabu vya Norwei vya karne ya 20 vikafunguliwa bure kwa mtu yeyote aliye ndani ya nchi. Mwandishi asiyetaka anakitoa kitabu chake. Kwa maoni yangu huu ndio mfano wa karibu zaidi na sisi kuuiga, isipokuwa pale kwenye kulipa. Wao wana mafuta ya bahari. Sisi bado tunabishana nani anunue wino wa printa ya maktaba ya mkoa.

Kurudishiwa nini hasa

Watu wa Iringa wana somo la urithi lililo nje ya vitabu. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu la Mtwa Mkwawa ndani ya miezi sita. Lilirudi mwaka 1954, liko Kalenga. Hakuna Mhehe ambaye angekubali kuletewa picha yake.

Kwa kitabu jambo halijanyooka namna hiyo. Anayetaka kusoma maneno, picha nzuri ya ukurasa inamtosha. Lakini nyaraka nyingi za kale kuhusu nchi hizi, barua na shajara za wamisionari, taarifa za mwaka za misheni, ziko Herrnhut kwa Wamoraviani, Berlin kwa Walutheri, Italia kwa Consolata. Taasisi za nje zinapotoa skani na kuziita marejesho, swali la kuuliza ni kama tumepewa faili zenyewe au tumepewa anwani ya tovuti. Anwani inaweza kuzimika. Oktoba 2023 Maktaba ya Uingereza ilishambuliwa na wadukuzi, na kwa miezi kadhaa huduma zake nyingi za mtandaoni hazikupatikana, zikiwemo nakala za kumbukumbu za nchi maskini zilizopigwa picha kwa fedha za mradi wake. Na hatari ya upande wa pili ipo pia: Aprili 2021 moto uliunguza chumba cha Jagger katika Chuo Kikuu cha Cape Town, pamoja na sehemu kubwa ya mkusanyo wa vitabu vya Afrika. Anayetegemea seva moja ya ughaibuni na anayetegemea kabati moja la nyumbani wanacheza kamari ileile.

Hofu mpya ni ya mashine za lugha, yaani akili bandia zinazolishwa maandishi ya kila aina. Vitabu vya Kiswahili vilivyoskaniwa ni chakula adimu kwao. Kwangu hilo si baya lenyewe. Ubaya ni kama mwalimu wa Rungwe hajui kwamba riwaya yake imeliwa, na mjukuu wake bado hawezi kuisoma.

Kazi yenyewe

Kuskani si ufundi wa ajabu. Picha za simu zinasomeka, ila kwa hifadhi ya kudumu watu huanzia nukta 300 kwa inchi. Ukurasa wa ukubwa wa A5 kwa rangi, bila kubanwa, ni kama megabaiti 13. Kitabu cha kurasa 200 kinafika gigabaiti 2.6. PDF ya kutuma WhatsApp ni sehemu ndogo tu ya hiyo. Ndiyo sababu PDF ya stesheni, ambayo imebanwa, ikatumwa, ikabanwa tena, si hifadhi. Ni ya kusomea mtihani.

Baadaye inakuja programu ya kusoma herufi, ili kitabu kitafutike kwa neno. Tesseract, ambayo ni ya bure, inakijua Kiswahili kiasi cha kutosha, ingawa kwenye chapa iliyofifia alama ya ng' huigeuza vumbi na ng'ombe akabaki "ng ombe". Kwa Kihehe, Kinyakyusa au Kibena haina msamiati wa kujisahihisha, kwa hiyo lazima akae mtu mwenye lugha na kusahihisha ukurasa kwa ukurasa. Hapo ndipo gharama ilipo, na wafadhili wa miradi ya mashine husahau kuiweka kwenye bajeti. Wanaosahau jingine ni wale wa grupu: PDF haina mwaka, haina mchapishaji, ukurasa wa mbele wenye taarifa za hakimiliki umeachwa kwa sababu "hauna maana". Miaka kumi ijayo hakuna atakayejua kilikuwa chapa ya ngapi, na kesi ya yatima imezaliwa upya.

Ningekuwa mzee wa kanisa au katibu wa chama cha ukoo, na mgeni akanijia na skana na mkataba, ningeangalia neno moja kabla ya saini: pekee. Maktaba ya Taifa ya Ufaransa ilipotangaza mwaka 2013 kwamba mshirika wake wa biashara, ProQuest, angekuwa na fursa ya pekee ya miaka kumi juu ya skani za vitabu vya kale, wasomi wa nchi yake walikuja juu, na hivyo vilikuwa vitabu ambavyo haki zake zilikwisha karne nyingi zilizopita. Kabati la parokia halina wasomi wa kuja juu. Ningetaka faili ghafi zibaki hapahapa, nakala ya pili iende chuo kimojawapo cha Iringa au Mbeya, ya tatu Bodi ya Huduma za Maktaba, na mgeni achukue yake aende nayo bila kutufungia mlango.

Kuhusu waandishi, tuanze na walio hai. Wengi walioandika miaka ya sabini na themanini wako kwenye miaka ya sabini na themanini ya umri wao, na namba zao za simu zinapatikana kwa kuuliza watu wawili watatu. Barua ya ukurasa mmoja inatosha: jina la kitabu, mwaka, ruhusa ya kuskani na kusomwa maktaba, kama anaruhusu au hapana kukiweka mtandaoni, nani apokee mirabaha kikichapwa tena, saini, na shahidi. Ukimkuta leo ni kazi ya alasiri moja na chai ya rangi. Ukichelewa, utakuwa unatafuta saini za warithi tisa, na wa tisa ndiye hataki.